Natafuta nyumba ya kupanga Sinza, nimeshachanganyikiwa. Wenyeji naombeni mwongozo

Mgeni wa Nyakato

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni mtu wa Mwanza, Nyakato. Nimehamishiwa Dar kikazi na ofisi iko Mwenge. Kwa sasa nimefikia kwa baba mdogo, Mbagala Rangi Tatu, na mnaoijua njia hiyo hamhitaji maelezo. Naamka saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku, na watoto wa baba mdogo wameshaanza kuniita "mgeni wa usiku". Mke wangu na binti yetu wa miaka minne bado wako Mwanza, wanakuja mwezi wa sita. Nimejipanga kwa laki tatu kwa mwezi: chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Ofisini kila ninayemuuliza ananijibu "Sinza", kama vile Dar haina mtaa mwingine.

Jumamosi nikatoka na dalali. Elfu kumi ya kuonyeshwa, halafu nikichukua nyumba kodi ya mwezi mmoja ni yake. Sawa, ndiyo kazi yake.

Nyumba ya kwanza iko Mori. Vigae vinang'aa, dari ya jipsamu ina taa za rangi, nikasema hapa ndipo. Nikaingia jikoni nikafungua dirisha, nikanyoosha mkono, nikaushika ukuta wa jirani. Sizidishi chumvi, niliushika kwa kiganja. Ya pili iko nyuma kidogo ya kituo cha Kumekucha. Saa nne asubuhi pametulia kama kanisani siku ya Jumatatu, mama mwenye nyumba mchangamfu, soda akatoa. Wakati natoka, mlinzi wa nyumba ya jirani akanisikia naongea na simu, akajua ni Msukuma mwenzake. Akaniambia kwa Kisukuma: kabla hujalipa, rudi hapa saa tano usiku. Hakuongeza neno. Ya tatu dalali aliita "Sinza ya ndani". Tukashuka, tukashuka, tukavuka mto, nikamuuliza kijana wa bodaboda hapa panaitwaje, akanijibu Tandale.

Na vituo vyenu! Konda alinitupa "Vatican" nikaanza kutafuta kanisa.

Naomba kujua: nyumba ya Sinza mtu anaikaguaje? Kelele na maji ya mvua vikoje? Na la mwisho, msinicheke, Mwanza nilizoea Jumapili kwenda na mtoto ziwani kukaa juu ya mawe. Huko Sinza mtu na mwanawe wanakwenda wapi?

Nawasilisha.

Kisiki

Laki tatu unapata, ila sahau maegesho. Sinza ni ya mabachela na maduka ya nguo. Mwenye familia anakwenda Goba au Madale, anapumua. Huo ndio ushauri wangu, mengine utajaza mwenyewe.

Mtoto wa Kwa Remmy

Kisiki, Goba mpaka Mwenge saa kumi na mbili asubuhi unapumulia wapi, ndani ya foleni?

Karibu mdogo wangu. Nimekuja Sinza 1979 nikiwa na miaka miwili, mgongoni kwa mama, na mpaka leo niko kwenye kiwanja kilekile. Nitakujibu kwa urefu maana leo umeme hamna na simu ina chaji.

Kwanza ujue Sinza ilitoka wapi, si kwa ajili ya historia, ni kwa ajili ya kukagua nyumba. Hapa palikuwa na mikorosho na mashamba. Miaka ya 70 serikali ikachukua fedha za Benki ya Dunia ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuvuta mabomba, kisha watu wa kipato cha chini wakagawiwa wajenge wenyewe. Manzese ilikuwa kwenye mradi huohuo, ila kule watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo walitengenezewa barabara na maji palepale walipokuwa. Ndiyo maana ukitoka Manzese ukaingia Sinza unaona vichochoro vimegeuka mitaa iliyonyooka.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kiwanda cha Urafiki, pale Morogoro Road. Alipata kiwanja, akakopa Benki ya Nyumba, ile iliyokuja kufa miaka ya 90. Kiwanja ni mita kumi na mbili kwa ishirini na nne. Kumbuka kipimo hicho. Alijenga vyumba vinne, choo cha nje, na nyuma akaacha uwanja wa mama kulima mchicha. Mwembe aliupanda mwenyewe. Sisi tulikuwa watu saba, na alichimba shimo la choo la watu saba.

Sasa njoo leo. Mchicha haupo, kuna vyumba vitatu vya uwani, vyote "master". Mbele, palipokuwa na baraza alipokuwa akikaa na redio yake, kuna fremu mbili: moja saluni, moja magauni ya harusi. Ukihesabu wapangaji, watoto wao na dada wa kazi, tunafika ishirini na kitu. Mita ni zilezile kumi na mbili kwa ishirini na nne. Mwembe ulikatwa 2009, mimi ndiye niliyetafuta mtu wa msumeno, na mama hakunisemesha siku mbili.

Sijisifii wala sijilaumu, ni hesabu tu. Kodi ya zile fremu imenisomeshea watoto wawili. Lakini karibu kila kiwanja mtaani kimekwenda njia hiyohiyo, kwa hiyo unapoonyeshwa nyumba usitazame vigae. Tembea kiwanja chote, nenda mpaka nyuma kabisa, hesabu milango. Kila mlango ni familia. Halafu uliza shimo liko wapi na lilichimbwa lini. Ukiambiwa "lipo hapo tangu zamani", ujue shimo ni la baba yangu na watu ni wa leo. Hilo dirisha ulilofungua Mori ukashika ukuta ni kiwanja kilichokwisha. Hakina hata pa kuanika shuka.

Kinachofaa kwa mwenye mtoto ni nyumba ambayo mwenyewe bado anaishi humohumo, mzee au mama mjane, hajaweka fremu kwa sababu hataki kelele. Bado wapo, hasa mitaa ya ndani upande wa Mapambano na nyuma ya shule ya Mugabe. Hawa hawampi dalali kazi. Utawapata kwa kuuliza kwenye kijiwe cha kahawa au kwa mangi wa duka.

Kelele: mlinzi alikuambia kweli, mpe chai. Ukiona mahali asubuhi kuna viti vya plastiki vimepangwa juu ya meza na mtu anadeki kwa sabuni nyingi, hapo usiku hapalaliki, hasa kuanzia Alhamisi. Ila kelele za Sinza zina mipaka. Ziko barabara ya Shekilango na zile barabara kubwa za ndani. Ingia mitaa miwili au mitatu ndani, unasikia jogoo.

Vituo nakuelewa, hata mimi sijui Vatican ilianzaje. Vingine navijua. Makaburini kuna makaburi, na huwezi kupotea. Afrika Sana ni baa. Mapambano ni shule. Shekilango yenyewe ni jina la waziri, Hussein Shekilango, aliyekufa kwenye ajali ya ndege 1980, lakini muulize abiria yeyote, atakuambia Shekilango ni kituo cha mwendokasi. Na Kwa Remmy, nilikokulia, ni kwa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Uzeeni aliokoka akawa anaimba injili. Alifariki Desemba 2010. Kijana anayeita abiria pale leo pengine hajawahi kumsikia akiimba, lakini jina analiita mara mia kwa siku. Mwaka 2022 walipita kwenye operesheni ya anwani za makazi wakatubandikia vibao vya namba na majina ya mitaa. Kibao changu kiko juu ya mlango, kizuri tu. Sijawahi kumwelekeza mtu kwa kibao hicho.

Jumapili yako. Ziwa hatuna, ila amka mapema, vuka Sam Nujoma, panda Mlimani. Chuo Kikuu kiko juu ya kilima, miti mikubwa, watu wanakimbia na watoto wanaendesha baiskeli. Mwonyeshe binti ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya mia tano kabla hatujapewa sarafu. Chukueni mandazi lakini myafiche, ngedere wa pale wamesoma kuliko mimi.

Umeme umerudi. Ngoja nikachaji.

Fundi Chemba

Mzee hapo juu kamaliza, mimi naongeza ya kwangu ya kazini. Nafanya mabomba na majitaka, Sinza nimezibua sana.

Ukifika kwenye nyumba tafuta mfuniko wa chemba. Usimuulize mtu, utafute mwenyewe, mara nyingi uko uwani au kwenye korido ya kupita. Chuchumaa uangalie kingo. Kama saruji ya kuzunguka ni ya zamani, imeota ukungu na imeshikana, hapo kuna amani. Kama ni mpya mpya, nyeupe, na pembeni kuna alama za nondo za kubanduliwa, hiyo chemba inafunguliwa kila mara, yaani inatapika. Nyumba moja niliitwa mara nne ndani ya masika moja. Mara ya nne nikamkuta mpangaji mpya analia, kahamia juzi, kalipa miezi sita. Dalali alimfunikia chemba kwa zulia la mlangoni.

Maji: usiulize "maji yapo?" maana yapo, jibu litakuwa ndiyo. Fungua bomba uonje. Yakiwa na chumvi ni ya kisima, sabuni haitoi povu na birika litaota magamba. Watu wa ziwani mkifika huku hilo ndilo linawaumiza wa kwanza. Uliza pia tanki la juu ni la nani, na pampu inalipiwa kwa umeme wa nani.

Hapo ndipo tunafika kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Usikubali LUKU ya kuchangia. Nasema tena, usikubali. Kutakuwa na mwenye friji, mwenye pasi, na yule wa chumba cha mwisho anayeapa ana taa moja tu huku anapikia jiko la umeme usiku. Nimeona watu waliosali pamoja hawasalimiani kwa sababu ya yuniti.

Mafuriko: Sinza kwa jumla imeinuka, ila ukishuka kuelekea Mto Ng'ombe mambo yanabadilika. Mto siku hizi sehemu kubwa umejengewa kingo za zege na nafuu ipo, lakini kuta hazidanganyi. Angalia chini ya kuta za nje. Ukiona rangi imepakwa upya nusu tu, mpaka usawa wa goti, wameficha mstari wa maji.

Dada wa Genge

Kaka karibu Sinza. Mimi nina genge mtaa wa pili kutoka Palestina hospitali, mwaka wa kumi na moja huu.

Wanaume mmemaliza chemba na LUKU, hakuna aliyemwambia wifi atakula nini. Kaka, mwambie wifi asibebe jiko la mkaa kubwa, hakuna pa kuliweka, na moshi utamgombanisha na majirani. Sato wa huku wanakuja kwenye barafu, akiwaona asinune. Ila dagaa wa Mwanza ninao, wa kukaanga na wa kuchemsha, sisemi uongo, nachukua Mabibo kwa mama wa Ukerewe. Mboga aje asubuhi. Jioni unabaki mchicha uliolala.

Na nikwambie kuhusu mtoto. Sinza inasemwa ni ya mabachela, lakini kuanzia saa kumi jioni mtaa wangu una watoto wa kila aina. Wanacheza rede katikati ya barabara, bodaboda ndiyo zinasimama. Wote nawajua mama zao. Mtoto wako akitoka getini bila viatu, kabla hajafika kona nimeshamuuliza anakwenda wapi. Nilikaa miaka miwili kwenye nyumba ya geti huko Mbezi, dada wa kazi, jirani simjui hata jina. Siku niliyougua nilimpigia simu mangi wa Sinza.

Usichukue nyumba inayotazamana na fremu za spika. Wale wanaouza nguo kwa kipaza sauti, "elfu tano elfu tano", wanaanza saa mbili asubuhi hadi jioni. Mtoto wa mteja wangu alijifunza kuhesabu hivyo, hajui nne wala sita, anajua tano tu.

Ukishahamia, nenda serikali ya mtaa ukajitambulishe na umjue mjumbe wako. Usingoje uhitaji barua.

Kisiki

Mimi sijasema hakuna watu. Nimesema hakuna pa kupaki.

Mgeni wa Nyakato

Wakuu, mrejesho. Nimechelewa, imepita miezi miwili kasoro, lakini nilisema nikipata nitarudi.

Kwanza nilimtii mlinzi. Nilirudi Kumekucha saa tano usiku, nikasimama pale mlangoni. Sikusikia hata simu yangu ikiita. Mlinzi alikuwa amejifunika koti, akaniangalia, akacheka, tukasalimiana kwa ishara maana sauti haikupita. Nilimpa elfu mbili ya chai kama mzee alivyoagiza.

Dalali nikaachana naye. Jumamosi mbili nimezunguka kwa miguu tu, nikishuka stendi ya Simu 2000, nikatembea mpaka miguu ikataka kunishtaki. Ndiyo nikaielewa Sinza. Ukiwa ndani ya daladala ni Shekilango tu: njia nne, vioo, masanamu ya dukani yamevaa magauni, baa, benki, chipsi. Nilidhani ndiyo yote. Ukikata kushoto au kulia, baada ya nyumba kumi umeingia mji mwingine. Niliona ghorofa tano zimebanana na nyumba ya chini yenye bati lenye kutu na bougainvillea mlangoni, bibi ameketi anachambua mchele. Na nilianza kuhesabu milango. Siku hizi siwezi kupita nyumba bila kuhesabu milango, mke wangu ananiambia nitakuja kukamatwa.

Kijiweni kuna wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilikunywa kahawa vikombe vitatu kabla sijauliza chochote. Nikasema natafuta nyumba ya mwenye nyumba anayeishi humo. Wakakaa kimya, mmoja akala kete mbili, ndipo akasema, "Mjane wa mwalimu." Basi. Hakunipa namba wala mtaa. Akamwita kijana wa viatu anipeleke.

Nyumba ni ya 1982, mama mwenyewe kanitajia. Ana miaka sabini na sita. Vyumba vitatu anakaa yeye na mjukuu wake, upande wa pili chumba, sebule na jiko ndiyo yangu. Uwani kuna mpangaji mmoja tu, nesi wa zamu. Dari ni ya mbao, vigae hakuna, ni sakafu ya saruji nyekundu inayopigwa nta. Nilichuchumaa kwenye chemba. Mama akaniuliza, "Baba, umedondosha nini?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika kiuno, akasema shimo lilichimbwa upya 2015, na aliyechimba alipunjwa hela na mafundi wenzake akalala kwenye kibaraza chake siku mbili. Kingo zina ukungu, Fundi Chemba. LUKU ni yangu peke yangu. Maji ni ya bomba, na kisima cha jirani ni cha dharura, nimeonja, chumvi kama machozi. Laki mbili na themanini. Alitaka miezi mitatu tu, nikashangaa, akasema akichukua ya sita hela inakwisha kabla ya miezi.

Uwani kuna mwembe. Mzee wa Kwa Remmy, samahani, ila nimeona nikwambie.

Mke wangu na mtoto wamefika wiki ya pili ya mwezi wa sita. Jumapili ya kwanza tulipanda Mlimani, na ngedere walichukua andazi moja kutoka mkononi mwa mtoto, akalia, kisha akataka tumpelekee lingine. Jumapili ya pili tukavuka Bamaga mpaka Kijiji cha Makumbusho, kile chenye nyumba za asili za makabila. Mke wangu ni Mhaya. Alipouona msonge aliingia ndani, akatuonyesha mtoto na mimi wapi wanalala wageni na wapi ng'ombe, akabishana na kijana anayetembeza watu kuhusu namna nyasi zinavyofungwa. Kijana akasalimu amri. Tukarudi kwa Mwenge kwenye vinyago, mtoto akachagua twiga wa mpingo, fundi akasema elfu thelathini, mke wangu akamsemesha kwa upole mpaka elfu kumi na mbili. Twiga huyo amevunjika pembe jana, na nimeambiwa na mtoto kwamba sasa ni punda.

Dada wa Genge, mke wangu alikuja kwako akauliza dagaa bila kujitaja, ukamwambia "wewe ni wifi wa mtandaoni". Umejuaje?

La mwisho, vitu vyetu. Vilikuja na basi kutoka Mwanza, vikashushwa Mbezi Luis, nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mimi nilikuwa kazini, dereva akanipigia simu akiwa ameshaingia Sinza. Nikataka kuonyesha ustaarabu, nikamtajia anwani yote kama ilivyo kwenye kibao: jina la mtaa, namba ya nyumba, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bosi, hapo ni karibu na nini?"

Nikamtajia namba tena, polepole. Akaniambia anashuka amuulize mtu. Nikasikia mlango wa gari, kelele za barabarani, halafu sauti ya mwanamke mbali: "Anatafuta wapi? Kwa mjane wa mwalimu? Si useme!"

Kirikuu kilifika baada ya dakika tano, godoro limelowa upande mmoja kwa mvua ya Kimara.